Historia Iliyoandikwa kwa Kanuni: Mbunifu Huru, Mchezo wa Mezani wa Bunilizi ya Kisayansi na Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Mchezo wa kuigiza wahusika ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huchukua nafasi ya mtu mmoja wa kubuniwa na kuamua mtu huyo atasema nini na atatenda nini, ilhali mshiriki mmoja, aitwaye msimamizi, hueleza ulimwengu unaowazunguka wahusika na kuamua, kwa kufuata kitabu cha kanuni na kwa kurusha dadu, iwapo jambo lililojaribiwa limefaulu au limeshindikana. Mchezo huu hauna ubao wa lazima wala mshindi wa mwisho, kwa kuwa matunda yake ni masimulizi yanayotungwa na kundi zima, na unapohamishiwa katika wakati ujao, kwenye vyombo vya anga na sayari za mbali, huingia katika bunilizi ya kisayansi, yaani masimulizi ya kubuni yanayojengwa juu ya sayansi na teknolojia. Historia ya michezo ya aina hii, ambayo kwa sehemu kubwa ilianzishwa na watu waliojichapishia kazi zao, inaonyesha kwamba mbunifu hodari hafanyi kazi ya mtabiri, bali huchukua historia anayoifahamu na kuiandika upya kwa umbo la kanuni. Kwa sababu hiyo nyanda za chai za Kericho na Bomet, ambako kwa zaidi ya karne moja maisha ya watu yamepangwa na sheria zilizoandikwa na wengine, zinastahili kusomwa sambamba na historia hiyo.

Mizizi ya mchezo huu imo katika mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimwonyesha mfalme wa nchi hiyo mchezo wa vita alioubuni, na mwaka 1824 mwanawe, Georg Heinrich, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizouhamishia mchezo huo kwenye ramani, ambamo vipande vidogo viliwakilisha vikosi, dadu ziliamua hasara, na mwamuzi aliyekaa kati ya pande mbili alipokea amri za wachezaji na kuwaambia yale tu ambayo makamanda wao wangeweza kuyaona. Miongo mitano baadaye, mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe nafasi ya kuamua kwa busara yake badala ya kupekua majedwali marefu, na tangu hapo swali la kama uamuzi utoke kitabuni au kwa mtu limemkabili kila mbunifu aliyefuata.

Swali hilo lilikuwa limepatiwa jibu la namna yake katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, mambo ya ujirani yaliamuliwa katika kokwet, yaani baraza la wakazi wa kitongoji kimoja, ambamo kiongozi aliyeitwa boiyot ab kokwet hakusoma hukumu kutoka kwenye maandishi, bali aliongoza mazungumzo na kutamka mwafaka pale ulipofikiwa. Utaratibu huo, ambao mwanaanthropolojia J. G. Peristiany aliueleza katika kitabu chake juu ya taasisi za Wakipsigis kilichochapishwa mwaka 1939, unathibitisha kwamba uamuzi unaotokana na uzoefu unaweza kuwa imara bila jedwali lolote, mradi wanaouzunguka wana imani na mwenye kuutamka na wanaweza kumpinga hadharani.

Msingi wa pili wa mchezo, yaani kutunga kwa kupokezana chini ya masharti yanayojulikana na wote, una ukoo mrefu zaidi katika Afrika Mashariki. Katika mila ya Waswahili mtegaji hutangaza kitendawili, wenzake humwambia atege, na wakishindwa kukitegua hulazimika kumpa mji, naye huupokea, hujitia kuwa amefika huko, husimulia jinsi alivyostareheshwa, kisha ndipo hutoa jibu. Katika tendo hilo fupi kuna mchezaji, kuna sharti, kuna gharama ya kushindwa na kuna safari ya kubuni, ambavyo ni viungo vinne vinavyopatikana katika kila kitabu cha kanuni cha leo. Wakipsigis nao wana tangoch, yaani vitendawili vyao, vilivyotegewa watoto jioni pamoja na hadithi za chemosi, zimwi ambalo A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi walio ndugu wa lugha na Wakipsigis, analieleza kuwa nusu mtu na nusu ndege, lenye mguu mmoja, makalio tisa na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Zimwi hilo lina tabia zisizobadilika, ambazo shujaa wa hadithi akizijua huokoka, na kwa namna hiyo msikilizaji alijifunza tangu utotoni kwamba hata ulimwengu wa kubuni huendeshwa na masharti.

Mchezo wa mezani kama unavyojulikana sasa ulizaliwa pale masharti ya aina hiyo yalipokutana na mchezo wa vita. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, David Wesely aliongoza mchezo alioupa jina la Braunstein, ambao badala ya kumkabidhi kila mchezaji jeshi zima ulimkabidhi nafasi ya mtu mmoja katika mji wa kubuni wa Prussia, na mwenzake Dave Arneson akaendeleza wazo hilo katika ulimwengu wa mapango, majitu na uchawi. Arneson alishirikiana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwanzoni mwa mwaka 1974 kampuni ndogo ambayo Gygax aliianzisha pamoja na rafiki yake Don Kaye ilitoa Dungeons & Dragons, ambayo nakala zake 1,000 za kwanza zilipangwa katika masanduku kwa mikono nyumbani. Biashara nzima ilianza kwa akiba za marafiki wachache, bila kiwanda wala mtaji mkubwa, na jambo hilo liliwaonyesha wasomaji wengi kwamba aliyeweza kuandika kanuni na kulipia uchapaji wa vijitabu aliweza kuwa mbunifu.

Bunilizi ya kisayansi haikuchelewa kufuata. Mwaka 1976 James M. Ward alichapisha Metamorphosis Alpha, mchezo unaohusu chombo cha anga kikubwa mno ambacho vizazi vya abiria wake vimesahau kwamba wamo safarini, na mwaka uliofuata Marc Miller alitoa Traveller kupitia Game Designers' Workshop, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1973 na vijana wanne katika mji wa Normal, jimbo la Illinois. Miller aliwahi kulitumikia jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam, na mchezo wake, uliouzwa kama vijitabu vitatu vyeusi ndani ya sanduku dogo na uliohitaji dadu za kawaida za pande sita pekee, ulibeba alama za uzoefu wa kizazi kilichojua utumishi wa jeshini na kurudi uraiani.

Alama hizo zinaonekana wazi zaidi katika namna ya kumtengeneza mhusika. Mchezaji wa Traveller huanza na kijana wa miaka 18, humwandikisha katika mojawapo ya kazi sita, kama vile jeshi la wanamaji, upelelezi wa anga au biashara, kisha hurusha dadu kwa kila kipindi cha miaka minne ili kujua kama mhusika amenusurika, amepandishwa cheo au amepata ujuzi mpya, na kwa kanuni za awali aliweza hata kufa kabla ya mchezo kuanza. Anayetoka salama huingia mezani akiwa mtu wa makamo mwenye pensheni, madeni, makovu na marafiki, kwa hiyo kanuni zenyewe zinasisitiza kwamba hakuna anayeingia katika ulimwengu bila historia iliyomtangulia.

Jamii ya Wakipsigis ilikuwa na mpango wake wa kuipa historia kila nafsi. Mwanamume aliyetahiriwa aliingia katika ibinda, yaani rika lenye jina, na pamoja na wenzake alipita kutoka ujana hadi ushujaa, kisha uzee, akibeba wajibu na heshima za kila ngazi. Majina ya marika, miongoni mwao Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, hayaishi wala hayarundikani, bali hurudi kwa zamu baada ya mzunguko wa karne moja au zaidi, hivi kwamba jina lililovaliwa na mababu huvaliwa tena na vitukuu. Ilhali Miller aliuona wakati kuwa mstari wa vipindi vinavyomsogeza mtu mbele hadi astaafu, mpango wa ibinda unauona kuwa duara ambalo mtu na ukoo wake huzunguka pamoja, na mbunifu anayetaka kueleza jamii ya sayari nyingine inayoishi kwa maelfu ya miaka atapata katika mpango huo kanuni iliyokwisha kujaribiwa na vizazi vya watu halisi.

Kiungo kingine cha Traveller ambacho kimeigwa na wengi ni mbinu ya kuzalisha ulimwengu kwa dadu. Kila sayari hupewa tarakimu zinazoonyesha aina ya bandari yake ya vyombo vya anga, ukubwa wake, hewa yake, maji yake, idadi ya watu, aina ya serikali, ukali wa sheria na kiwango cha teknolojia, na kutokana na tarakimu hizo hutambuliwa kama sayari ya kilimo, ya viwanda, tajiri au maskini. Mfanyabiashara wa kubuni hununua bidhaa kwa bei nafuu katika sayari ya kilimo na kuiuza kwa bei ya juu katika sayari ya viwanda, na faida yote hutegemea nani anamiliki chombo cha kusafirishia.

Mkulima wa Konoin, katika Bomet, au wa Litein, katika Kericho, hahitaji kuelezwa kanuni hiyo. Jani bichi la chai huanza kuharibika muda mfupi baada ya kuchumwa, hivyo ni lazima lifike kiwandani siku ileile, linyaushwe, lisagwe, liachwe libadilike rangi na likaushwe. Kisha chai iliyokamilika husafirishwa hadi mnada wa Mombasa, ambao ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, na bei inayoamuliwa huko, mbele ya wanunuzi wa masoko ya ng'ambo, hurudi mashambani kwa umbo la malipo ya kila mwezi na bonasi ya kila mwaka. Uhusiano kati ya anayechuma majani mawili na kichipukizi chake na anayekunywa chai hiyo Karachi, Cairo au London ni uhusiano wa masafa, wa muda na wa umiliki wa njia, ambao majedwali ya Traveller yaliujumlisha kwa ajili ya nyota.

Kwa undani zaidi, nchi ya chai yenyewe ni zao la mfululizo wa kanuni za maandishi, na hapa ndipo historia yake inapomfaa mbunifu kuliko mahali pengine pengi. Sheria ya Ardhi ya Himaya ya mwaka 1915 iliruhusu mashamba ya walowezi kukodishwa kwa miaka 999, muda ambao, ukihesabiwa tangu mwaka huo, ungemalizika mwaka 2914; kwa maneno mengine, maofisa wa kikoloni walikuwa tayari wamejiandikia wakati ujao ulio mbali kama ule wa bunilizi yoyote ya anga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, takriban ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa mpango wa kuwapa makazi maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walitarajiwa kulima kitani, na bei ya kitani ilipoporomoka mpango huo ulivunjika, ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis, bali katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, yakiwemo Brooke Bond na kampuni tanzu ya James Finlay, yaliingia na kufungua mashamba makubwa yanayoonekana hadi leo.

Kanuni nyingine iliwalenga watu badala ya ardhi. Ukoo wa Talai, ambamo walitoka orkoik, yaani viongozi wa kiroho walioheshimiwa na Wakipsigis na Wanandi, ulionwa na serikali ya kikoloni kuwa chimbuko la upinzani, na mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuuhamisha, ambayo kwayo takriban watu 700, watoto na wazee wakiwemo, walitolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika eneo la joto na mbung'o, na walikaa uhamishoni hadi mkesha wa uhuru. Mwaka 2022 wawakilishi wa Talai na wa Wakipsigis waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, jambo linaloonyesha kwamba aya chache zilizoandikwa mwaka 1934 bado zilikuwa zikiamua maisha ya watu takriban miaka tisini baadaye.

Ndani ya mashamba makubwa kanuni zilipanga pia lugha, makazi na saa. Wafanyakazi walitoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza na Magharibi pamoja na Wakipsigis wenyewe, waliishi katika kambi za kampuni zenye nyumba zilizopangwa kwa safu, walilipwa kwa uzito wa majani waliyochuma, na walielewana kwa Kiswahili. Mwafrika kulima chai yake mwenyewe kulizuiwa kwa miongo mingi, hadi Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulipofungua mazao ya biashara kwa wakulima wadogo. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza mazao maalumu, na mwaka 1964 ikarithiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, ambayo jina lake la kifupi, KTDA, limekuwa neno la kila siku katika vituo vya kununulia majani. Katiba ya mwaka 2010 iliupunguza muda wa kukodisha ardhi kwa wasio raia hadi usiozidi miaka 99, na kuingia kwa mashine za kuchuma chai kukazusha mgogoro mpya wa ajira uliofikia kuchomwa moto kwa baadhi ya mashine hizo Kericho mnamo Mei 2023. Mashine inayochukua nafasi ya mikono, kampuni ya mbali inayomiliki bonde zima, ukoo uliohamishwa na hati inayodai karne kumi zijazo ni mada ambazo waandishi wa bunilizi ya kisayansi huzisaka kwa bidii, nazo katika nchi hii ni kumbukumbu za familia.

Namna ya kuzifanya mada hizo kuwa mchezo imerahisishwa na mabadiliko ya miongo ya karibuni. Kampuni ya Miller ilifungwa mwaka 1996, lakini haki za Traveller zilirudi kwake, na mchezo huo ukaendelea kuchapishwa. Mwaka 2000 wamiliki wapya wa Dungeons & Dragons walitoa leseni iliyowaruhusu wengine kutumia sehemu za kanuni zake bila malipo, na uuzaji wa vitabu kwa faili za kidijitali ukaondoa gharama ya uchapaji iliyokuwa kikwazo cha kwanza. Mwaka 2010 Kevin Crawford, anayefanya kazi peke yake, alitoa Stars Without Number, ambayo ilimpa msomaji bila malipo majedwali ya kujenga sayari, migogoro na makundi yanayoshindania mamlaka, na mwaka 2018 Sean McCoy alianza Mothership kwa kijitabu chembamba kuhusu wafanyakazi wa kawaida wa anga wanaokabiliwa na hofu, mchezo ambao toleo lake la baadaye lilichangiwa na wasomaji zaidi ya dola milioni 1. Kazi hizo mbili zinafundisha kwamba mbunifu huru hashindani na makampuni kwa wingi wa picha au ukubwa wa kitabu, bali kwa uwazi wa kanuni na uaminifu wa ulimwengu wake.

Kwa upande wa dhamira, Afrika na watu wa asili yake wameshatengeneza msingi. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986, alichapisha mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, ambayo mhusika wake Dzombo huhukumiwa na kurushwa angani, akafikia jamii inayoishi kwa haki, na hivyo kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayari, vyombo vya anga na fikra za kisiasa kwa pamoja. Filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009 ilionyesha Afrika Mashariki iliyokosa maji, jarida la Jalada lilitoa toleo zima la masimulizi ya wakati ujao wa Afrika mwaka 2015, na mwaka huohuo Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mchezo wa kompyuta unaohusu uvamizi wa viumbe kutoka anga za juu. Katika michezo ya mezani yenyewe, kundi la wabunifu weusi lililoongozwa na Tanya DePass nchini Marekani lilianza mwaka 2020 kujenga Into the Mother Lands, unaowaweka wazao wa Waafrika katika sayari ya mbali bila historia ya utumwa, na mwaka 2021 wasomaji waliuchangia uchapishwe.

Njia ya mbunifu huru wa nchi ya chai, kwa kuzingatia historia hii yote, inaanza na uchaguzi wa kanuni moja ya kweli na kuifuatilia hadi mwisho wake. Akianza na mkataba wa miaka 999, atalazimika kuamua nani katika mwaka 2914 anaurithi, nani anaupinga na ni baraza gani litakalosikiliza shauri. Akianza na ibinda, atalazimika kuunda wahusika wanaobeba majina ya waliotangulia pamoja na madeni yao. Na akianza na uzito wa majani, atapata mara moja uchumi, cheo, uchovu na mgomo. Gharama za kazi hiyo ni ndogo, kwani daftari, dadu mbili na wenzake wanne wa kuijaribu wanatosha kwa miezi ya kwanza, na kwa uchapishaji anaweza kutegemea mazoea ya harambee, ambayo tangu kuanzishwa kwa M-Pesa mwaka 2007 yamekuwa yakifanyika kwa simu. Kitabu chake kikiandikwa kwa Kiswahili kitasomeka kwa Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya waliokulia katika kambi zilezile, na majaribio yake mezani yatakuwa pia mahojiano, kwa kuwa wachezaji watakuwa wakimrekebisha kwa yale waliyoyasikia kwa wazazi wao.

Thamani ya kazi ya namna hiyo inazidi burudani. Sheria ya mwaka 1934 haikuwauliza Watalai kama masharti yake ni ya haki, wala mkataba wa miaka 999 haukuwasubiri watakaozaliwa ndani yake, ilhali kanuni za mezani huishi kwa ridhaa ya wanaozicheza, ambao wanaweza kusimamisha mchezo, kuuliza kwa nini mhusika fulani amenyimwa haki fulani, na kuiandika kanuni hiyo upya kabla ya dadu kurushwa tena. Kijana wa Bomet anayezoea kufanya hivyo juu ya sayari ya kubuni anajifunza kwamba kila kanuni ina mwandishi, kwamba mwandishi huyo alikuwa na maslahi, na kwamba kilichoandikwa na watu kinaweza kuandikwa tena na watu. Na kwa eneo ambalo mipaka, mishahara na umiliki wake viliandikwa mbali nalo, hilo ni somo la historia linalostahili kufundishwa kwa kila njia iliyopo, mchezo ukiwa mojawapo.